Chienge, mji bila daftari

Mwalimu au muuguzi wa Zambia akipata barua ya kupangiwa kazi Chienge, jamaa zake humpa pole. Dereva wa lori akisikia mzigo ni wa huko, hupandisha nauli kabla hajauliza ni mzigo gani. Mwenye duka la jumla Lusaka au Kitwe yuko tayari kumkopesha mteja wa Solwezi, lakini wa Chienge humtaka alipe taslimu. Hakuna hata mmoja kati yao aliyekaa akapiga hesabu ya mji huo. Wote wanafuata jina.

Na jina lenyewe si zuri. Chienge iko pembe ya kaskazini-mashariki ya Ziwa Mweru, zaidi ya kilomita 1,000 kutoka Lusaka kwa barabara, mpakani na mji wa Pweto wa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Kusini yake, kando ya ziwa hilohilo, ni Nchelenge na soko lake kubwa la samaki la Kashikishi. Kwa watu wa mbali mwambao huo wote ni mahali pa malaria, kipindupindu cha kambi za wavuvi, magendo na wakimbizi. Wazambia wenzao huwatania watu wa mkoa wa Luapula kwa uchawi wa kutuma radi. Siku hizi umeongezwa msemo mwingine, nao ndio wenye madhara kuliko yote: kwamba samaki wamekwisha na miji ya huko inakufa polepole.

Baadhi ya maneno hayo yana ukweli. Nchelenge imekuwa kwa miaka mingi miongoni mwa wilaya zenye malaria nyingi kabisa nchini Zambia, na watafiti wa ugonjwa huo wameweka kambi huko. Kipindupindu nacho si hadithi ya kutunga. Lakini kusema mji unakufa ni kutoa dai la hesabu, na dai la hesabu hupimwa kwa hesabu.

Ipo miji duniani iliyonywea kweli. Detroit, mji wa magari wa Marekani, ulikuwa na watu zaidi ya milioni 1.8 mwaka 1950. Sensa ya mwaka 2020 iliwakuta watu 639,000 tu. Julai 2013 mji huo ulikwenda mahakamani kuomba kinga ya mufilisi. Gary, katika jimbo la Indiana, ulianzishwa mwaka 1906 na kampuni ya chuma. Mwaka 1960 ulikuwa na watu zaidi ya 178,000. Mwaka 2020 hawakufika 70,000. Viwanda vilipopunguza kazi watu waliondoka, nyumba zikabaki tupu mtaa baada ya mtaa.

Sasa itazamwe Luapula. Sensa ya mwaka 2010 iliukuta mkoa huo ukiwa na watu pungufu kidogo ya milioni moja. Sensa ya mwaka 2022 iliwakuta zaidi ya milioni 1.5. Ni ongezeko la nusu nzima katika miaka 12. Wengi wa hao wapya ni watoto waliozaliwa hukohuko, lakini watoto hao wanakula, wanavaa, wanasoma na wanatibiwa kwa fedha inayotoka mahali fulani. Kwenye mwambao wa Mweru, sehemu kubwa ya fedha hiyo inatoka ziwani na mpakani. Kinachokosekana Chienge ni vile vitu ambavyo serikali na benki hupeleka pale tu zinapoona kuna biashara: barabara nzuri, umeme wa uhakika, chumba cha baridi, tawi la benki. Havipelekwi kwa sababu biashara yenyewe haionekani kwenye karatasi. Wenye maduka wa pwani wana msemo wao: mali bila daftari hupotea bila habari. Chienge ni mji bila daftari.

Haikuwa hivyo siku zote kwamba mwambao huu haujulikani. Msafara wa Wareno ulifika kwenye baraza la Mwata Kazembe, kusini mwa ziwa, mwaka 1798, ukitafuta njia ya kuunganisha bahari mbili. Wafanyabiashara wa Kiswahili na Kinyamwezi walifuata pembe za ndovu, shaba na chumvi. Tippu Tip mwenyewe, katika maisha yake aliyoyasimulia kwa Kiswahili, anaeleza vita vyake na Nsama wa Itabwa, nchi iliyo mashariki ya Mweru. Vita hivyo vilikuwa vya mwaka 1867. David Livingstone aliliona ziwa mwezi Novemba mwaka huohuo, na alipofika kwa Kazembe alimkuta Mohamed bin Saleh, mfanyabiashara aliyekuwa amekaa huko miaka mingi. Mwanzoni mwa miaka ya 1890 Waingereza waliweka kituo chao cha kwanza cha eneo la Mweru hapohapo Chienge, kisha wakakihamishia Kalungwishi. Tangu hapo, katika vitabu vya wageni, Chienge ikabaki kutajwa zaidi kwa simba mla watu aliyeisumbua mnamo mwaka 1909 kuliko kwa bidhaa zilizopita hapo.

Baada ya pembe ikaja zama ya samaki. Kuanzia miaka ya 1920 migodi ya shaba ya Katanga ilihitaji kitoweo cha wafanyakazi wake. Wafanyabiashara wa Kigiriki walifungua vituo Kasenga, kwenye Mto Luapula upande wa Kongo, wakaleta boti, barafu na malori, wakapeleka samaki Elisabethville, yaani Lubumbashi ya leo. Samaki aliyetajirisha wengi ni mpumbu, ambaye hupanda mto kwa makundi kwenda kutaga. Nyavu ziliwekwa palepale kwenye njia yake ya kutagia. Kufikia mwisho wa miaka ya 1940 mpumbu walikuwa wameporomoka. Wavuvi wakageukia pale, na katika miongo ya karibuni wakageukia chisense, dagaa wa Mweru, ambao leo ndio mzigo wa mchuuzi mdogo.

Kisha ikaja vita. Desemba 2000 Pweto ilianguka mikononi mwa waasi waliosaidiwa na Rwanda, na makumi ya maelfu ya watu wakakimbilia Zambia, wengi wao wakapokelewa katika kambi za Kala na Mwange. Mwaka 2017 wengine wakavuka tena kupitia Chienge wakikimbia mapigano ya Katanga na Tanganyika, na Januari 2018 makazi ya Mantapala yakafunguliwa wilayani Nchelenge. Katikati ya misukosuko hiyo, madini ya shaba na fedha ya mgodi wa Dikulushi yalivushwa ziwa kwa tishari kutoka Kilwa ya Kongo hadi Nchelenge, yakapakiwa kwenye malori na kusafirishwa mbali. Mgodi uliposimama, tishari nalo likasimama.

Mambo haya yana mfanano mmoja. Kila mara utajiri ulipita mwambaoni, na kila mara hesabu yake iliandikwa mahali pengine. Mpumbu aliandikwa Elisabethville. Shaba iliandikwa kwenye vitabu vya kampuni. Wakimbizi waliandikwa Geneva. Mji wenyewe ulibaki na vumbi la malori na sifa ya vita.

Hali ya leo haitofautiani sana. Samaki na dagaa wengi wa Kashikishi na Chienge hupakiwa kwenye malori na mabasi hadi Kopabeliti, na sehemu kubwa huishia kuvuka mpaka wa Kasumbalesa kuingia Kongo. Huko ndiko wanakoandikwa, kama wanaandikwa. Samaki aliyevuliwa mahali ambapo Kongo inaonekana kwa macho husafiri mamia ya kilomita ili akaitwe bidhaa ya Kasumbalesa. Kasumbalesa hupata takwimu, na anayepata takwimu hupata lami, maghala na maofisa. Kwa upande mwingine, unga, sukari, mafuta ya kupikia, sabuni na saruji vinavyovuka kutoka Chienge kwenda Pweto, pamoja na vitenge vinavyorudi, mara nyingi huvuka kwa baiskeli, kwa pikipiki au kwa mtumbwi bila karatasi yoyote. Ofisa wa mipango aliye Lusaka au Lubumbashi akifungua kitabu chake hukuta mpaka uliolala.

Wafanyabiashara wana majibu yao, na yanastahili kusikilizwa. Atakayeandikisha mzigo wake atatozwa. Akishatozwa kihalali, kizuizi cha pili kitamtoza tena bila risiti, na cha tatu vilevile. Foleni ya fomu inaweza kula siku nzima, na samaki mbichi hangoji. Fomu zenyewe zimeandikwa Kiingereza upande mmoja na Kifaransa upande wa pili, wakati wanaovuka wanazungumza Kibemba na Kiswahili. Mama anayevusha mabeseni mawili ya dagaa anaona bora apite njia ya panya alfajiri, arudi na faida ndogo, kuliko apite njia kuu arudi mikono mitupu. Anayemlaumu bila kwanza kuvitazama vizuizi hivyo hamtendei haki.

Hata hivyo, hesabu ya njia ya panya haijumlishwi hadi mwisho. Mama huyo analipa ushuru, ila anaulipa kwa majina mengine. Analipa nauli ya juu kwa sababu barabara ni mbovu, na barabara ni mbovu kwa sababu hakuna anayejua ni tani ngapi zinaipita. Analipa hasara ya dagaa waliooza wakati wa mvua kwa sababu hakuna mahali pa kuwakaushia wala pa kuwahifadhi. Analipa riba ya mkopeshaji wa mtaani kwa sababu benki haiwezi kuiona biashara yake ya miaka kumi. Analipa kwa hofu, kwa kuwa mzigo usio na karatasi unaweza kuchukuliwa wakati wowote naye hana pa kulalamika. Na kila anapouza Kitwe au Lubumbashi, mnunuzi humkata bei kwa kumwambia kwamba bidhaa ya huko ni ya magendo. Jina baya la mji linakusanya ushuru kila siku, na risiti haitolewi.

Kuna mahali pengine Afrika Mashariki ambapo somo hili lilieleweka mapema. Tangu katikati ya miaka ya 2000, Uganda imekuwa ikiweka wahesabuji kwenye vituo vyake vya mpakani kuandika mizigo isiyopitia forodha: baiskeli kwa baiskeli, gunia kwa gunia. Lengo lilikuwa kujua kiasi, si kukamata. Ilibainika kwamba biashara hiyo, iliyokuwa ikidharauliwa, ni sehemu kubwa ya yale Uganda inayowauzia majirani zake. Kongo ilionekana kuwa mteja mkubwa. Tangu hapo hakuna waziri wa biashara wa Uganda anayeweza kusema mpaka wa magharibi umelala. Zambia na Kongo zinaweza kufanya hivyo Chienge na Pweto kwa msimu mmoja tu, na gharama yake ni ya watu wachache wenye madaftari na mizani.

Mazingira ya sasa yanaruhusu. Nchi zote mbili ni wanachama wa COMESA, ambayo ina utaratibu uliorahisishwa kwa ajili ya mfanyabiashara mdogo: orodha ya bidhaa zilizokubaliwa na cheti cha asili kinachojazwa palepale mpakani. Tangu Julai 2022 Kongo ni mwanachama kamili wa Jumuiya ya Afrika Mashariki. Maana yake, mtu akisimama Chienge akitazama Pweto anatazama soko linalofika hadi Mombasa na Dar es Salaam. Lakini utaratibu ulioandikwa kwenye makao makuu hauna faida kama bango la viwango vya ushuru halijabandikwa kwenye kibanda cha forodha, kwa Kiswahili na Kibemba, likiwa na namba ya simu ya kulalamikia. Hilo ndilo sharti la kwanza. Anayetakiwa kujiandikisha lazima aonyeshwe mapema atalipa nini, atalipa mara ngapi, na kwamba risiti moja itamfikisha mwisho wa safari.

Sharti la pili linahusu ziwa. Zambia hufunga uvuvi kila mwaka kuanzia Desemba mosi hadi mwisho wa Februari ili samaki wazaliane. Kwa miaka mingi wavuvi wa upande wa Zambia wamelalamika kwamba wao wanapofunga nyavu, taa za wenzao huonekana zikiwaka upande wa pili. Samaki hawana pasipoti. Mpumbu aliporomoka kwa sababu kila upande ulitaka kuvuna kabla ya mwenzake, na kosa hilo halifai kurudiwa kwa pale wala kwa chisense. Wafanyabiashara wa pande zote mbili, ambao ndio wanunuzi, wana nguvu ambayo polisi wa ziwa hawana: wanaweza kukataa kununua samaki wachanga na samaki wa msimu uliofungwa. Wasipofanya hivyo, ule msemo kwamba samaki wamekwisha utageuka kuwa kweli, na hapo hakuna takwimu itakayouokoa mji.

Sharti la tatu ni la fedha, na hapa jina baya halina nguvu. Mwaka 2022 Zambia iliongeza mfuko wa maendeleo wa majimbo ya uchaguzi kutoka kwacha milioni 1.6 hadi milioni 25.7 kwa kila jimbo, na baadaye ukaongezwa tena. Chienge hupata sawa na jimbo lolote la Lusaka. Kwa hiyo vichanja vya kukaushia dagaa, banda la soko, mizani ya mwaloni na mtambo wa barafu si maombi ya kupigiwa magoti Lusaka. Ni mapendekezo ya kupelekwa kwenye kamati ya jimbo. Lakini kamati itauliza ni watu wangapi watatumia banda hilo na ni kilo ngapi zitapimwa kwa siku. Chama cha wafanyabiashara kisicho na daftari la wanachama na mizigo yao hakitakuwa na jibu.

Haraka ipo, kwa sababu barabara nyingine inakuja. Serikali za Zambia na Kongo zimekubaliana kujenga barabara ya kulipia ya Kasomeno hadi Mwenda, takriban kilomita 180, pamoja na daraja juu ya Mto Luapula, ili malori ya Katanga yafupishe safari ya kwenda Nakonde na Dar es Salaam. Barabara hiyo iko kusini, mbali na ziwa. Watu wa Ujiji wanajua maana yake. Reli ya kati ilipofika Ziwa Tanganyika mwaka 1914 ilikwenda Kigoma, na Ujiji, uliokuwa mji maarufu wa misafara, ukawa kitongoji cha jirani yake. Haukufanya kosa lolote. Njia ilipita kando. Nchelenge na Chienge zinaweza kupata faida kwa barabara hiyo ikiwa barabara za kuelekea ziwani zitawekwa katika mpango mapema, na zitawekwa ikiwa kuna mtu atakayeingia mkutanoni na idadi ya magunia, ya mitumbwi na ya wanunuzi.

Wanaoitaja Chienge kwa dharau hawataacha kwa kuombwa. Jina jema hung'aa gizani, wasema wahenga, lakini jina la mji hung'arishwa na wanaofanya biashara ndani yake. Mfanyabiashara anayevuka Pweto leo anaweza kuanza na daftari la kwacha chache: tarehe, mzigo, uzito, bei, kiasi alicholipa na ambaye alimlipa. Akiwa peke yake, ni kumbukumbu ya nyumbani. Wakiwa mia mbili kwa msimu mmoja, ni hoja ambayo ofisi ya forodha, benki na kamati ya jimbo haziwezi kuikwepa.